Wachimbaji Walipochimbwa

Mwaka 1996 ilitoka albamu ya Black Moon ambayo Black Moon wenyewe hawakuibariki. Inaitwa Diggin' in dah Vaults. Walioitoa ni Nervous Records, lebo ya New York ambayo wakati huo ilikuwa kwenye mgogoro wa kisheria na kundi hilo. Ndani yake kuna rimiksi, nyimbo za upande B na mabaki mengine ya miaka ya Enta da Stage, albamu yao ya kwanza ya mwaka 1993. Ni kama mpangaji aliyehama kwa ugomvi: mwenye nyumba kaingia chumbani, kakuta sanduku limebaki, kalitoa barazani kuuza vilivyomo.

Tatizo ni kwamba vilivyomo ni vizuri mno. Ningepewa nafasi ya kubaki na dakika kumi tu za Black Moon, zote ningezichukua kutoka kwenye sanduku hilo, nisiguse ile albamu waliyoitoa wenyewe kwa hiari yao. Na sidhani kama niko peke yangu. Wengi wetu huku tuliingia kwa Black Moon kupitia mlango wa nyuma, mafaili yaliyopita kutoka flashi hadi flashi, na rimiksi ndizo zilizotangulia kufika. Nyimbo asili tulizijua baadaye, tukazisikiliza kwa mshangao kidogo, kama mtu anayeoneshwa picha ya utotoni ya rafiki aliyemzoea ukubwani.

Kwa asiyewafahamu, Black Moon ni watatu wa Brooklyn: Buckshot, 5ft na DJ Evil Dee. Evil Dee na kaka yake, Mr. Walt, wanaunda timu ya maprodyuza iitwayo Da Beatminerz, wachimba midundo. Jina hilo halikuwa la kujisifu bure. Walikulia Bushwick katikati ya santuri, na Mr. Walt aliwahi kufanya kazi kwenye duka la santuri, ajira ambayo kwa prodyuza wa hip hop wa zama zile ilikuwa sawa na mvuvi kuajiriwa na bahari. Singo yao ya kwanza, "Who Got da Props?", ilitoka mwaka 1992. Albamu ikafuata tarehe 19 Oktoba 1993. Wiki tatu baadaye, siku moja, tarehe 9 Novemba, zikatoka albamu ya kwanza ya Wu-Tang Clan na Midnight Marauders ya A Tribe Called Quest. Ukitaka kujua kwa nini Enta da Stage hutajwa kwa heshima lakini huchezwa kwa nadra, anzia hapo.

Neno moja kuhusu huku "chini" tunakoambiwa walikuwa. Kwetu Tanzania ukimwita msanii andagraundi unamaanisha hajatoka bado. Ni mtu anayesubiri. Kwa hip hop ya New York ya miaka ile, chini kwa chini ilikuwa anwani. Mtu alikaa huko kwa kuchagua sauti fulani, akijua redio ya mchana haitamtaka, na akijivunia hilo. Nervous nayo ilikuwa lebo ya chini kwa chini, ila ya upande mwingine: jina lake lilijengwa na muziki wa house, ngoma za klabu za usiku, na hip hop ilikuwa tawi lake lililoitwa Wreck. Haya si maelezo ya pembeni. Lebo ya house inaishi kwa singo za inchi 12, yenye wimbo upande mmoja na rimiksi upande wa pili. Ilijua thamani ya rimiksi kabla hip hop haijaizoea.

Sasa tuje kwenye sauti. Enta da Stage ni albamu ya giza, na giza lake lina ufundi unaoelezeka. Da Beatminerz walichukua santuri ya jazi au funk, wakakata kipande, yaani sampo, wakakipitisha kwenye kichujio cha mashine, wakaondoa sauti zote za juu. Kinanda kikapotea, tarumbeta ikapotea, ikabaki besi peke yake, nene na yenye ukungu. Wewe unayeishi mtaani unaijua sauti hiyo. Ni harusi ya mtaa wa pili saa saba usiku: maneno ya mwimbaji huyasikii, shangwe huzisikii, ila besi imepita kwenye kuta tatu na imekukuta kitandani. Da Beatminerz waliichukua besi hiyo ya ukutani wakaifanya msingi wa nyumba, kisha juu yake wakapiga ngoma kavu na kumweka kijana mwembamba wa sauti, mwenye haraka na hasira.

Kwenye "I Got Cha Opin" ya albamu unamsikia kijana huyo akikimbia. Mdundo umembana, naye anasukuma. Jina la wimbo ni majigambo ya kawaida ya emsii: nimekuteka, umebaki mdomo wazi. Lakini toleo la albamu halikuteki, linakukaba.

Kisha weka rimiksi, ile iliyotoka kama singo mwaka 1994 na ambayo Nervous waliiingiza tena kwenye Diggin' in dah Vaults. Safari hii msingi ni "Playing Your Game, Baby" ya Barry White, wimbo wa mwaka 1977, wa mahaba kabisa, wa mtu mzima aliyevua viatu. Buckshot hakimbii tena. Sauti imeshuka, maneno yanaangukia nyuma kidogo ya ngoma, na majigambo yaleyale yanageuka kuwa mazungumzo. Anayesikiliza anatekwa kweli, kwa sababu anayezungumza ameacha kulazimisha. Kwa mtu anayeandika chochote, iwe shairi au makala, hili ni somo la uhariri lisilohitaji mwalimu: dai lilelile, mtu yuleyule, ila sauti imepunguzwa na dai limeaminika.

"Buck Em Down" inakwenda mbali zaidi na ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu. Ni wimbo wa bunduki. Toleo la albamu linasikika hivyo, halijifichi. Rimiksi yake imejengwa juu ya "Wind Parade" ya Donald Byrd, kutoka albamu ya Places and Spaces ya mwaka 1975, moja ya sauti zenye jua na upepo kuliko zote zilizowahi kurekodiwa na Blue Note. Aliyeitengeneza ile albamu ni Larry Mizell akiwa na ndugu yake Fonce, waliosoma Howard University, ambako Byrd alifundisha. Kwa hiyo una ndugu wawili wa Bushwick wakichota kwa ndugu wawili wa kizazi kilichotangulia. Wapenzi wa jazi wenye msimamo mkali waliziona kazi zile za Byrd kuwa biashara tu, muziki wa kuchezea, usaliti wa tarumbeta. Miaka 20 ikapita, watoto wa Brooklyn wakaingia kwenye masanduku ya bei poa wakazitoa, wakasema hapana, hapa kuna kitu.

Lakini angalia kilichotokea kwa maneno. Tishio lililokuwa tishio limewekwa kwenye upepo wa jioni na sasa linapendeza. Nimewahi kuuona wimbo huu ukitikisa vichwa vya watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akisikiliza kinachosemwa, na sikuwalaumu. Mtu anaweza kusema rimiksi imeufanya ukatili kuwa mtamu, na huo ni mtego wa zamani wa sanaa. Nadhani kuna usomaji wa pili ulio karibu zaidi na masikio yangu: toleo la albamu ni kijana aliye ndani ya tukio, rimiksi ni kijana huyohuyo akilisimulia barazani baada ya miaka, jua likizama, akiwa hai. Umbali huo haumo kwenye mistari. Umeletwa wote na Donald Byrd.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo mashabiki wa Boot Camp Clik wataliona kufuru. Mkusanyiko huu unamwonesha Buckshot kwa namna ambayo hangeichagua. Rekodi ya rimiksi inakulazimisha kukutana na mandhari zilezile mara mbili mbili: nani mkali, nani feki, bunduki, moshi, mtaa. Mdundo ukibadilika unasikia kitu kipya. Maneno yakirudi husikii kipya, unagundua tu kwamba hayakuwa mengi. Ana mtiririko wa ajabu, ana pumzi, anajua kuweka neno nusu hatua kabla hujalitarajia, lakini hoja zake zingetosha bahasha moja. "Murder MC's" na "Reality", nyimbo mbili zilizokuwa upande B wa zile singo za rimiksi, zinavutia kwa ugumu wake, ila ukiziweka mfululizo kwenye albamu moja zinaanza kufanana kama nyumba za shirika. Kwenye Enta da Stage kulikuwa na mtu aliyepanga, aliyejua wapi msikilizaji achoke na wapi apumzishwe. Hapa kilichopo ni yaliyomo tu.

Jina lenyewe la albamu lina ujanja. Linakuahidi hazina iliyofungiwa, lakini nyimbo zake bora hazikuwahi kufungiwa popote. Zilikuwa kwenye singo za inchi 12 tangu 1994, mikononi mwa madijei. Kilichofanywa ni kuzitoa kwenye mabegi ya madijei na kuzifikisha kwa mtu wa kawaida mwenye redio ya CD. Hiyo ni huduma, siidharau. Mimi mwenyewe ni mnufaika wake. Lakini tusiiite uchimbaji.

Maana wachimbaji halisi walikuwa wengine. Hapo ndipo penye kejeli ya kisa hiki, na mpenda methali atakimbilia ile ya mchimba kisima huingia mwenyewe. Da Beatminerz walijenga kazi yao kwa kuingia kwenye stoo za watu: Barry White, Donald Byrd, Ronnie Laws kwenye "Who Got da Props?", Grover Washington Jr. kwenye "How Many MC's". Wakachota bila kumuuliza mpiga besi kama anataka besi yake isikike kama harusi ya mbali. Kisha ikafika zamu yao ya kuchotwa. Mtu anaweza kuuliza: kwani kuna tofauti gani?

Ipo, na nadhani inasikika bila msaada wa wakili. Aliyechukua "Wind Parade" aliondoka na sekunde chache na kurudi na wimbo ambao Donald Byrd asingeutunga, na ambao haukuua wa kwake. Kinyume chake, uliwarudisha watu kwake. Ukiweka santuri ya Byrd leo mbele ya kijana wa miaka 25, kuna uwezekano mkubwa ataitambua kupitia Brooklyn. Lebo iliyotoa Diggin' in dah Vaults haikurudi na kitu ambacho hakikuwepo. Iliweka vitu kwenye mfuko mmoja na kuandika jina la wenye sauti juu ya mfuko, wakati wenye sauti walikuwa mahakamani wakigombania, pamoja na mengine, jina hilohilo.

Jina ndilo linaloniuma kuliko fedha. Katika mgogoro ule haki ya kuitwa Black Moon yenyewe ilikuwa mezani. Hebu fikiria: albamu yenye jina lako ipo dukani, nawe huna uhakika kama unaruhusiwa kujiita hivyo kwenye albamu yako ijayo. Buckshot hakukaa kimya. Mwaka 1995 yeye na Dru-Ha walikuwa wameshaanzisha lebo yao, Duck Down, na mwaka uleule wa 1996 Heltah Skeltah na O.G.C., wenzao wa Boot Camp Clik, walitoa albamu zao za kwanza humo. Lakini albamu ya pili ya Black Moon, War Zone, haikutoka hadi 1999. Miaka sita baada ya ya kwanza. Katika hip hop miaka sita ni ukoo mzima umezaliwa na kuzikwa. Na hawakuwa peke yao kwenye balaa la majina: ndugu zao Smif-N-Wessun, ambao sauti zao zilisikika kwa mara ya kwanza kwenye Enta da Stage, walibanwa na kampuni ya bunduki ya Smith & Wesson, wakalazimika kutoa albamu ya 1998 wakijiita Cocoa Brovaz. Vijana wa mtaa mmoja, kampuni mbili tofauti, na wote wakajikuta wanajadili na mawakili kama wao ni wao.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam hadithi hii haina ugeni. Enzi za kaseti msanii alipeleka masta kwa msambazaji, akapewa fedha ya mkupuo, akaaga. Kuanzia hapo hakujua zimedurufiwa nakala ngapi, wala nyimbo zake zingepachikwa kwenye mkusanyiko gani, kati ya nani na nani. Tofauti ni kwamba wa kwetu mara nyingi hatukubakiwa hata na sanduku la kugombania. Masta nyingi zimepotea, zimerekodiwa juu, zimeliwa na unyevu. Ninapoikasirikia Nervous huwa nakumbuka hilo, na hasira inapungua nusu. Mwenye nyumba wa Black Moon angalau hakulitupa sanduku jalalani.

Nusu nyingine inabaki. Inabaki kwa sababu mkusanyiko mzuri wa kazi adimu unahitaji mtu anayejua kwa nini kila kitu kipo. Ungeweza kuwa kitabu cha kujifunzia: wimbo asili, kisha rimiksi, kisha maelezo ya ndugu wawili kuhusu usiku ule walipoamua kuachana na giza na kufungua dirisha. Kwa nini Barry White? Nani alisema Buckshot apunguze sauti, yeye au mashine? Ni rimiksi ngapi zilikataliwa kabla ya hiyo? Wenye majibu walikuwepo, hai, mjini humohumo, ila walikuwa upande wa pili wa kesi. Kwa hiyo albamu ina nyimbo na haina kumbukumbu.

Halafu kuna War Zone. Ni albamu ya haki, jina limerudi kwa wenyewe, prodyuza ni walewale. Ni ngumu, safi, imenyooka, na ina hasira ya watu waliotoka vitani, kama jina lake linavyosema. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta upepo wa "Wind Parade" au uvivu mtamu wa Barry White, sikuupata. Mlango ule waliokuwa wameufungua mwaka 1994, wa kuweka maneno magumu kwenye sauti laini, waliurudisha. Labda waliona umekwisha kutumika. Kufikia 1999 kila mtu New York alikuwa akirapu juu ya nyimbo za mahaba za miaka ya 70, na wengi wao wakiwa na magari ya kukodi kwenye video. Au labda nyimbo zilizokuwa mali ya mtu mwingine hazikuwa tena njia waliyotaka kupita.

Kwa hiyo ushahidi pekee wa Black Moon hiyo laini, mkubwa wa kutosha kushikika mkononi, ni albamu wasiyoitaka. Ukiitafuta, usianze mwanzo. Anza na Enta da Stage, sikiliza "Buck Em Down" ilivyokuwa, kwa sauti ya juu, uone jinsi chumba kinavyopungua ukubwa. Kisha uje kwenye rimiksi. Nyimbo zilizo katikati unaweza kuziruka bila kuomba radhi, isipokuwa "Reality", ambayo ina besi moja inayofaa kusikilizwa angalau mara moja kwenye spika zenye nguvu kuliko za simu.